Mama Bertila Gaudens Millanzi, Mthamini Aliyependa Nyumba za Watu

Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 14 Agosti 1961, mkesha wa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, kengele ya kanisa la Mnero ilikuwa ikiwaita watu kwenye misa pale kilio cha mtoto kiliposikika kutoka nyumbani kwa Fundi Gaudens Millanzi. Mzee Gaudens alikuwa seremala wa misheni. Mkewe, Mama Eva, alilima mihogo na korosho, na sauti yake ya kwaya ilijulikana hata na watu wasiosali. Mtoto huyo alikuwa wa tatu kati ya watoto watano. Alibatizwa wiki mbili baadaye, akaitwa Bertila. Mama Eva alizoea kusema kwamba binti yake alizaliwa na kengele kooni, kwa maana hakuwahi kucheka kimyakimya maisha yake yote.

Alipoanza tu kutembea, Bertila alionyesha tabia iliyomtia mama yake aibu. Alipenda nyumba za watu. Alikuwa anapiga hodi kwa jirani, anaingia, anasimama katikati ya chumba, kisha anauliza kwa nini dirisha lao limetazama huku wakati la nyumbani kwao linatazama kule. Siku moja alipotea mchana kutwa. Watu walimtafuta mashambani, wakamtafuta kisimani, Mzee Gaudens akaacha randa mezani akaenda hadi zahanati kuuliza. Walimkuta kwa bibi mmoja mgonjwa aliyekuwa hajatoka nje miaka mingi. Mtoto amekaa kwenye kigoda, anamweleza bibi jinsi nyumba za majirani zilivyo ndani, moja baada ya nyingine. Mama Eva aliokota fimbo. Bibi akamzuia.

"Usimchape, mwanangu," alisema. "Mwache aje na kesho. Leo amenitembeza Mnero nzima."

Bertila alisoma shule ya msingi Mnero kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana Masasi, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1979. Kidato cha tano na cha sita alisoma Kilakala, Morogoro, akamaliza mwaka 1982, na baada ya hapo akaenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, ambako, kwa kauli yake mwenyewe, alijifunza kulala akiwa amesimama na kula akiwa anakimbia. Wazazi walitaka awe muuguzi. Yeye mwenyewe hakujua anataka nini, mpaka afisa mmoja alipofika kambini kuwaeleza vijana juu ya Chuo cha Ardhi cha Dar es Salaam. Afisa yule alisema kwamba mthamini ni mtu anayeingia katika nyumba na mashamba ya watu, akaviangalia vizuri, kisha akasema kwa haki thamani yake ni nini. Bertila alinyoosha mkono kabla mgeni hajamaliza.

"Afande, na mshahara unalipwa?"

Aliambiwa unalipwa. Jioni ile aliwaandikia wazazi kwamba amegundua serikali inawalipa watu kufanya jambo ambalo yeye nusura achapwe kwa sababu yake.

Alihitimu Chuo cha Ardhi mwaka 1986, akaajiriwa na Wizara ya Ardhi na kupangiwa Lindi. Mwaka 1992 alihamishiwa Nachingwea, na Ruangwa ilipokuwa wilaya inayojitegemea miaka michache baadaye, alizihudumia wilaya zote mbili. Kazi yake ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja alithamini nyumba, mashamba na miti ya wananchi waliotakiwa kupisha barabara, shule au mradi. Upande wa pili alikagua majengo ya serikali: nyumba za watumishi, maghala, ofisi, vyoo vya shule. Alitaka kujua kama lililoandikwa lipo, kama lililopo linasimama, na kama linalosimama lina mtu anayelitunza. Kwa kazi hiyo alipewa pikipiki. Wengi wenu mliopo hapa mliwahi kumwona, suruali ndani, kitenge juu, kofia ngumu kichwani, futi ya kupimia imefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli. Akina mama wa vijijini walikuwa wanaacha majembe yao kumtazama akipita, naye alipiga honi mpaka wampungie mkono.

Si kila safari iliisha vizuri. Masika moja, akitoka Mbwemkuru, pikipiki iliteleza kwenye kijito, akazama yeye na chombo chake. Wanawake waliokuwa wakifua nguo walishikwa na kicheko hadi wakashindwa kumsaidia. Bertila alipoibuka na tope mpaka kwenye nyusi, akacheka kuwazidi. Walimvua, wakamfulia, wakamfunga kanga mbili, na hivyo ndivyo alivyoingia kwenye kikao cha idara kesho yake asubuhi, kwa sababu suruali ilikuwa bado haijakauka. Mkuu wake alimwangalia, akafungua kikao.

Mwaka 1993 alipokuwa akikagua nyumba za walimu pale Nachingwea, alifika kwenye nyumba ya mwalimu kijana wa hisabati aliyekuwa ametoka Kwimba, Mwalimu Paschal Luhende. Nyumba ilikuwa safi, milango mizima. Lakini nyuma yake kulikuwa na jiko la udongo, limeezekwa kwa nyasi, linafuka moshi.

"Mwalimu," Bertila alisema, "hili jiko halipo kwenye ramani."

"Ni kweli, dada. Aliyechora ramani alisahau kwamba walimu hula."

"Nitaliandika kuwa limejengwa bila kibali."

"Liandike. Lakini onja kwanza kinachopikwa humo, usije ukaandika jiko usilolijua."

Alipewa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, chakula ambacho hakuwahi kukiona. Alikula akamaliza, akashukuru, akatoa kalamu, akaandika kwamba jiko limejengwa bila kibali. Wiki iliyofuata Mwalimu Paschal alipokea barua ya kulibomoa, na siku hiyohiyo Bertila akapita na kapu la ming'oko, viazi pori vya kuchemsha, kutoka kwa mama yake. Mwalimu alikuwa amekaa kando ya kifusi.

"Umenivunjia jiko, halafu unaniletea chakula?"

"Jiko nimelivunja kwa niaba ya serikali. Chakula nimeleta mimi."

Mwalimu aliomba kibali cha kujenga jiko jipya. Kibali hicho kilitoka wakati wao wamekwisha kufunga ndoa.

Ndoa yenyewe nusura ikwame kwa sababu ambayo hakuna aliyeitarajia. Baba yake Paschal alisafiri kwa treni na mabasi kutoka Kwimba kuja Mnero kuzungumzia mahari, akiwa amejiandaa kutaja ng'ombe. Mjomba wa Bertila, ambaye kwa desturi ya Wamwera ndiye msemaji wa binti, alimjibu kwamba wao hawana zizi, na kwamba jembe, mbuzi mmoja na heshima vinatosha. Mzee Luhende aliinuka kwenye kiti.

"Binti mzima, amesoma, ana kazi ya serikali, mnamtoa bila ng'ombe? Ana kasoro gani?"

Mama Eva ndiye aliyejibu kutoka mlangoni, sinia la chakula mkononi. "Kasoro anayo moja, baba. Akiona ukuta umepinda, hanyamazi."

Mzee Luhende alikaa. "Hiyo tutaiweza," alisema. "Kwetu nyumba ni za mviringo."

Walifunga ndoa katika kanisa la Mnero Jumamosi ya tarehe 11 Juni 1994. Mungu aliwajalia watoto watatu: Eliza mwaka 1995, Luhende mwaka 1998, na Eva mwaka 2001. Bertila alijifunza Kisukuma kwa bidii ileile aliyojifunzia upimaji, akawa anaongea na wakwe zake bila mkalimani. Mwalimu Paschal yeye alijifunza Kimwera kwa miaka thelathini, na mpaka leo wanafunzi wake wa zamani humwomba aseme maneno mawili ili wacheke.

Mambo yaliyomtikisa zaidi, na ambayo mwishowe yalimpa furaha kubwa katika kazi yake, yalitokea mwaka 2014. Serikali ilipanga kuchimba bwawa la umwagiliaji katika bonde moja la kata ya Nambilanje, wilayani Ruangwa. Kaya zilizokuwa bondeni zilitakiwa kuhamia mlimani. Kabla ya kuhama, kila nyumba, kila mti wa matunda na kila kaburi lilipaswa kuthaminiwa ili wenyewe wapate fidia.

Watu wanajua kujiandaa. Bertila, aliyepewa kazi hiyo, alipofika uani kwa Mzee Saadi, mkulima wa siku nyingi wa bondeni, alipokelewa na mjukuu wa mzee, Abdulkarimu, mwanamume wa makamo mwenye uso wa huzuni. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi jipya, udongo bado mwekundu, limezungushiwa mawe vizuri.

"Amelala nani hapa?" Bertila aliuliza.

"Babu yetu Saadi. Mungu amrehemu."

Ndani ya nyumba mtu akakohoa. Mlango ukafunguka, akatoka mzee mrefu, mwembamba, bakora mkononi, akauliza kwa sauti ya ukali, "Abdulkarimu, mgeni amepewa kiti?"

Bertila alivua kofia yake, akapiga goti.

"Shikamoo, mzee Saadi. Poleni sana na msiba."

"Marahaba. Msiba wa nani?"

"Wa kwako, babu."

Mzee alimtazama mgeni, akamtazama mjukuu, akalitazama kaburi. Kisha alianza kucheka, akacheka mpaka miguu ikamwishia nguvu, akakaa juu ya kaburi lake mwenyewe akijifuta machozi. Abdulkarimu alikuwa anatamani ardhi ipasuke immeze. Bertila hakumripoti. Alimwambia kwa upole kwamba makaburi yasiyo na watu hayathaminiwi, akamshauri asawazishe udongo ule apande viazi, kwa kuwa ulikuwa umelimwa vizuri sana. Tangu siku hiyo mzee Saadi alimwita mkwe, na kila Bertila alipopita bondeni, mzee alimwuliza kama msiba wake umekwisha.

Lakini upande wa pili wa bonde hapakuwa na kicheko. Huko aliishi Lubasha na mkewe Nelly, wafugaji wa Kisukuma waliotoka kanda ya Ziwa na kufika Nambilanje mwaka 2008 wakiwa na watoto na ng'ombe wao. Walijenga nyumba, wakapanda michungwa, wakachimba kisima. Hawakuwahi kupitishwa na mkutano wa kijiji kuwa wakazi, na mtu ambaye kijiji hakimtambui asingeweza kuingizwa kwenye fidia. Bwawa lingejaa, na wao wangeondoka mikono mitupu. Katika mkutano wa hadhara, Mwamina, mjane mwenye shamba la mbaazi jirani na zizi la Lubasha, alisimama akasema waziwazi.

"Hawa walikuja na ng'ombe, waondoke na ng'ombe. Ng'ombe hao wamenilia mbaazi misimu miwili. Na huyu mthamini naye ameolewa na Msukuma. Tusidanganyane, atawabeba shemeji zake."

Watu walipiga makofi. Kwa miaka yote aliyokuwa kazini Bertila alikwisha kuitwa mkali, mbishi, mchelewaji wa chakula cha mchana. Mpendeleaji hakuwahi kuitwa. Na aliyetumiwa kumchafua alikuwa mume wake, ambaye wakati huo alikuwa darasani Nachingwea akifundisha hesabu za sehemu. Alitoka nje ya mkutano apate hewa. Huko nje akamkuta Lubasha ameegemea ukuta.

"Mama, mimi sikulaumu," Lubasha alisema. "Wewe ni Mmwera. Hawa ni ndugu zako. Najua hutaniandika."

"Sikia, Lubasha. Wao wananiita Msukuma, wewe unaniita Mmwera. Leo sina kabila, nina njaa tu. Nelly ana maziwa?"

Alikunywa maziwa, akapata wazo. Alirudi kwenye mkutano akamwomba mwenyekiti wa kijiji jambo moja: kwamba hatapita nyumba hata moja peke yake. Wakulima wachague mtu wao, wafugaji wachague wao, na wote wawili wamfuate kila ua. Lakini kwa sharti. Kwenye nyumba za wafugaji, atakayeonyesha mali ni mtu wa wakulima. Kwenye nyumba za wakulima, atakayeonyesha ni mtu wa wafugaji. Wakulima walimchagua Mwamina, kwa kuwa hakuna aliyemzidi mdomo. Wafugaji walimchagua Nelly, kwa kuwa Lubasha alikuwa na hasira.

Kazi ilianza vibaya. Wanawake wale wawili hawakusalimiana. Nelly alipopewa kuonyesha mali za Mwamina, alionyesha kwa kidole bila kusema neno. Mwembe huu. Banda hili. Walipofika kwenye shamba la mbaazi, alisimama.

"Hizi ni nyingi," Nelly alisema. "Andika zote, hata zile zilizoliwa na ng'ombe wetu. Mizizi bado ipo."

Mwamina alikohoa, akatazama pembeni. Walivuka kwenda kwa Lubasha, na sasa ilikuwa zamu ya Mwamina kuonyesha. Aliwaonyesha nyumba. Akaonyesha zizi, huku akiziba pua kwa upindo wa kanga ili kila mtu aone. Bertila alipima, akaandika, akasema wamemaliza, wakageuka kuondoka. Ndipo Mwamina aliposimama ghafla njiani.

"Nyinyi mnakwenda wapi? Na kisima?"

"Kisima gani?" Bertila aliuliza. Kisima kilikuwa nyuma ya kichaka, hakukiona.

"Kisima alichochimba Lubasha! Wewe unafikiri kiangazi hiki sisi tumekunywa nini, mate? Mimi mwenyewe nachota hapo kila asubuhi, na huyu dada hajawahi kunifukuza hata siku moja." Alipomaliza kusema hayo alibaki amefungua mdomo, kama mtu aliyesikia maneno ya mwingine yakitoka kinywani mwake. Nelly alitazama chini. Bertila alifungua futi yake akampa Mwamina ncha moja aishike, akampa Nelly ya pili, wakaenda kupima kisima.

Mkutano wa pili wa kijiji ulifanyika Ijumaa baada ya swala. Mwamina alisimama tena, na watu wakajiandaa kupiga makofi tena. Alisema, "Mtu aliyetupa maji si mgeni. Ng'ombe wake bado wana tabia mbaya, na hilo tutalisema siku nyingine." Mzee Saadi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali, akatania kwamba yeye kama marehemu hana sababu ya kuogopa mtu. Kijiji kilimpitisha Lubasha na familia yake.

Hata hivyo, malalamiko ya upendeleo yalikuwa yamekwisha kufika mkoani, na Bertila mwenyewe aliomba mthamini mwingine atumwe kurudia ua wa Lubasha. Akatumwa Catherine, mthamini aliyekuwa chini yake zamani Lindi. Catherine alipita peke yake, akarudi akiwa amekunja uso.

"Dada, kuna kosa. Michungwa iliyo nyuma ya zizi umeiandika michanga. Ile inazaa. Umewapunja watu hawa."

Bertila alikwenda kuiangalia. Ilikuwa kweli, machungwa yalikuwa yananing'inia mbele ya macho yake. Alijua mara moja kilichotokea. Aliogopa kuambiwa amewapendelea, na hofu hiyo ilimfumba macho. Hakulala vizuri mpaka aliporudi kwa Nelly, akaketi naye jikoni, akamwambia kwa Kisukuma, "Mayu, mama yangu, nilikupunja. Nilijilinda mimi nikakusahau wewe. Nisamehe."

Nelly alimgeukia. "Kumbe hata wewe huwa unaogopa watu?"

"Sana."

"Basi kaa. Tule."

Habari ilipofika kwa Mwamina alipiga kelele kijiji kizima kikasikia: "Sisi tulilalamika anapendelea, kumbe alikuwa anapunja! Tumemwonea mwanamke wa watu!" Fidia ilirekebishwa. Mwaka uliofuata bwawa lilijaa, na kaya zote zilihamia juu. Walipogawiwa viwanja, Mwamina na Nelly walichagua viwili vilivyopakana. Wamekuja leo hapa Mnero kwa gari moja, na dereva anasema wamegombana juu ya ng'ombe na mbaazi njia nzima. Mzee Saadi alifariki mwaka 2019, safari hii kweli, na Mama Bertila alikwenda kumzika. Abdulkarimu ndiye aliyempokea, na wote wawili walilia na kucheka kwa wakati mmoja.

Mama Bertila alistaafu tarehe 14 Agosti 2021. Alirudi Mnero, akafuga kuku, akaimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia. Alisali kwa bidii lakini mahubiri yakirefuka alikuwa anahesabu mbao za dari. Vijana walimletea wachumba wao awatazame. Alikuwa anamkaribisha mchumba, anampa chai, anaongea naye habari za shamba na za wazazi wake, na mgeni akishaondoka anamwambia kijana, "Mtu hathaminiwi, mwanangu. Mpende tu, au mwache." Alifundisha wasichana wa sekondari kupima viwanja kwa kamba, na wawili kati yao sasa wapo chuoni wakisomea kazi yake.

Mwaka 2023 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Madaktari waligundua kwamba moyo wake umetanuka. Mwalimu Paschal aliposikia hivyo alishika kichwa, lakini Bertila akamgeukia daktari akasema, "Ungetegemea nini, daktari? Watu ni wengi humo." Alitibiwa Nachingwea, akapelekwa Dar es Salaam, akapata nafuu na kurudi. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, nao walimpenda, ingawa mmoja alilalamika kwamba mgonjwa wake anajua nyufa za wodi kuliko dawa zake. Mwezi Februari mwaka huu hali ilibadilika. Aliomba arudishwe nyumbani, na nyumbani akarudishwa.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, alitolewa barazani kwenye jua. Mvua ilikuwa imenyesha, mikorosho ilikuwa inang'aa. Watu walikuwa wanapita kwenda shambani, kila mmoja anamsalimia kwa jina, naye anajibu kila mmoja kwa jina. Mwalimu Paschal alimnywesha uji kwa kijiko. Baada ya vijiko vichache alimshika mkono akamzuia.

"Paschal, nimeshiba."

"Bado kidogo tu, mama Eliza. Uji umebaki."

"Sisemi uji," alisema, akatabasamu, akaendelea kuwatazama watu njiani. Hakusema neno jingine. Saa tatu na nusu alilala usingizi wa milele, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Mama Bertila ameacha mume, Mwalimu Paschal Luhende, watoto watatu, Eliza, Luhende na Eva, wajukuu wanne, ndugu zake wawili, wakwe wa Kwimba waliosafiri usiku na mchana kufika hapa, wanakwaya wenzake wa parokia ya Mnero, wafanyakazi wenzake wa Nachingwea, Ruangwa na Lindi, na marafiki wa dini zote na makabila yote, ambao leo wamejaa uani hapa hadi barabarani.

Ee Mwenyezi Mungu, tumefurahi naye vya kutosha, nasi hatuna deni kwako ila shukrani. Mpokee mwanao Bertila, umketishe panapopendeza. Alale salama.